Mwanaikolojia Kijana Anavyoandaliwa: Kutoka Darasani hadi Mipakani mwa Serengeti, Simiyu

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Mahindi yanapoanza kukomaa katika vijiji vya Simiyu vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, swali moja hurudi midomoni mwa wakulima na mezani kwa maofisa wanyamapori: je, tembo wameongezeka, au wamebadili njia tu? Kwa mkulima aliyekesha akipiga debe kulinda ekari zake mbili, tofauti hiyo huenda ikaonekana kuwa ya kitaaluma mno. Kwa mamlaka zinazopanga doria ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Ikiwa tembo wameongezeka, mpango ni mmoja. Ikiwa maji yamekauka ndani ya pori na makundi yale yale yanafuata mabwawa ya vijijini, mpango ni mwingine kabisa. Kukosea baina ya hayo mawili ni kupoteza fedha ya umma huku shamba likiendelea kuliwa.

Anayepaswa kulijibu swali hilo kwa ushahidi ni mtaalamu wa ikolojia, na makala haya yanaeleza namna mtaalamu huyo anavyoandaliwa, tangu kidato cha tano hadi siku anaposimama porini na daftari mkononi. Ni maelezo yanayowahusu kwanza vijana wa Simiyu, ambao wanaishi mlangoni mwa mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa zaidi na wanasayansi barani Afrika, ingawa wengi wao hulifahamu kwa vumbi la magari ya watalii tu.

Ikolojia ni sayansi inayochunguza jinsi viumbe hai vinavyohusiana vyenyewe kwa vyenyewe na jinsi vinavyohusiana na udongo, maji, hewa na moto. Watu wengi humchanganya mwanaikolojia na askari wa uhifadhi. Askari hulinda, mwanaikolojia hupima. Kazi yake kubwa ni kuhesabu: nyasi zimekua kiasi gani, ndama wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa na kwa sababu ipi, mti gani umetoweka na upi umechukua nafasi yake. Kisha hutakiwa aseme hesabu hiyo inaaminika kwa kiwango gani, jambo ambalo huwachosha wasikilizaji lakini ndilo linalomtofautisha na mpiga ramli.

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuwa na makao makuu Bariadi, una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,140,497. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu nusu milioni kwa miaka 10, katika mkoa ambao riziki yake ni pamba, nafaka na ng'ombe, na ambao upande wake wa mashariki unagusana na mfumo wa ikolojia wa Serengeti. Mito ya Simiyu na Duma hutoka upande wa nyika za wanyamapori, hupita katikati ya mashamba na malisho, kisha humwaga maji yake Ziwa Victoria. Tone lililonyeshewa nyumbu asubuhi laweza kunyweshewa ng'ombe wiki ijayo. Mpaka wa hifadhi upo kwenye ramani na kwenye sheria. Maji, moto, tembo na magonjwa hayausomi.

Mbung'o waliotiwa rangi

Si wengi wanaofahamu kwamba mojawapo ya mbinu za msingi za kuhesabu wanyama ilikuzwa katika nchi ya Wasukuma, tena kwa kumhesabu mdudu. Miaka ya 1930, makao makuu ya utafiti wa mbung'o ya Serikali ya kikoloni ya Tanganyika yalikuwa Shinyanga ya zamani, chini ya C. F. M. Swynnerton. Mtafiti mmoja wa idara hiyo, C. H. N. Jackson, aliwakamata mbung'o, akawatia alama za rangi, akawaachia, kisha akawakamata tena.

Hoja yake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari aweza kuielewa kwa dakika tano. Tuseme umewatia alama mbung'o 100 na kuwaachia wachanganyike na wenzao. Baada ya siku chache unakamata 100 wengine na kukuta 10 kati yao wana alama. Sehemu moja ya kumi ya uliowakamata ina alama, hivyo wale 100 wa mwanzo huenda ni sehemu moja ya kumi ya mbung'o wote, yaani wapo kama 1,000. Ugumu huja baadaye: wengine wamekufa, wengine wamezaliwa, wengine wamehama. Jackson alitumia miaka mingi kurekebisha hesabu zake kwa ajili ya vifo na uhamaji huo, na wanatakwimu waliomfuata waliendelea kuyajenga mawazo yake. Leo mtafiti anayewatambua duma kwa madoa yao katika picha, au tembo kwa mipasuko ya masikio, anatumia mantiki ile ile bila kumtia mnyama rangi.

Swynnerton na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt walifariki pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938. Vita dhidi ya mbung'o haikuishia hapo. Katika miongo iliyofuata vichaka vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili mdudu akose kivuli, ng'ombe wakapata malisho mapya na pamba ikapata ardhi. Faida ilikuwa ya kweli; hasara nayo ilikuwa ya kweli, kwani sehemu kubwa ya Usukuma ilibaki bila miti. Hasara hiyo itatukuta tena mbele.

Ugonjwa wa sotoka nao una somo lake. Uliingia Afrika Mashariki kiasi cha mwaka 1890 na kuua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usio na kifani. Katika miaka ya 1950 ng'ombe wa wafugaji waliolizunguka eneo la Serengeti walichanjwa, na ilipofika mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu. Hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Hata hivyo idadi yao, iliyokuwa takribani 250,000 mwaka 1961, ilipanda hadi takribani milioni 1.3 mwaka 1977. Miongoni mwa waliolifafanua jambo hilo ni Anthony Sinclair, aliyekulia Dar es Salaam na kufika Serengeti mwaka 1965 akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, na ambaye baadaye aliwachunguza nyati. Aliendelea kurudi kwa miongo kadhaa. Kwa mfugaji wa Meatu, habari hiyo ina maana ya karibu: afya ya zizi lake ilibadili idadi ya wanyama katika hifadhi nzima, na hatimaye mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka.

Kusoma kifo ndani ya mfupa

Baada ya mwaka 1977 nyumbu waliacha kuongezeka. Kwa nini? Wapo walioamini ni simba na fisi, wapo walioamini ni uwindaji haramu, wapo waliotaja magonjwa, na wapo waliosema ni majani ya kiangazi. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kuamini alichoamini. Mtafiti Mtanzania Simon Mduma, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), alilifanya swali hilo kuwa mada ya shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, na kukamilisha tasnifu yake mwaka 1996.

Inafaa kukaa kidogo katika kazi hii, maana ndani yake unaona karibu kila kitu anachotakiwa kujifunza mwanaikolojia kijana.

Mzoga wa nyumbu uliokutwa umezungukwa na fisi hausemi kwamba fisi ndiye aliyeua. Huenda mnyama alikufa kwa njaa na fisi akaja mazishini. Ili kujua, mtafiti hupasua mfupa mrefu wa mguu na kuutazama uboho. Mnyama anayekosa chakula huanza kutumia mafuta ya chini ya ngozi, kisha yaliyozunguka figo, na mwisho kabisa yale yaliyo ndani ya mifupa. Uboho wa mnyama aliyeshiba ni mgumu, mweupe, wenye mafuta. Wa mnyama aliyekonda mpaka mwisho ni kama ute, na mwanga hupenya ndani yake. Hakuna mashine ya bei kubwa hapo. Panahitajika shoka, jicho lililozoezwa, na kuufikia mzoga kabla tai na fisi hawajaumaliza, jambo linalomaanisha kuzunguka nyikani mwezi baada ya mwezi, masika na kiangazi, hata siku ambazo hakuna anayetaka kutoka kambini.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, Mduma akishirikiana na Sinclair na Ray Hilborn, yalionesha kuwa asilimia 75 ya vifo vilivyochunguzwa vilitokana na utapiamlo. Mwaka 1993, ukame mkali uliipiga Serengeti na kusababisha vifo vingi kuliko mwaka wowote katika miaka 40 ya kumbukumbu; idadi ya nyumbu ikashuka chini ya 900,000. Hitimisho lilikuwa kwamba kinachoidhibiti idadi ya nyumbu ni chakula cha kiangazi, na chakula hicho huamuliwa na mvua. Simba wapo, majangili wapo, lakini kamba kuu imeshikwa na majani.

Utafiti huo uliangalia pia ni kiasi gani cha uwindaji ambacho kundi la nyumbu laweza kukistahimili kabla ya kuporomoka. Kwa mikoa iliyo magharibi mwa hifadhi, ambako nyama ya porini imekuwa kishawishi kwa kaya zisizo na kitoweo, hilo halikuwa swali la maktaba.

Tazama pia neno lile: miaka 40 ya kumbukumbu. Hakuna mwanafunzi awezaye kukusanya takwimu za miaka 40 ndani ya shahada moja. Mfululizo huo ulianza mwaka 1958, wakati Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipohesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege, na hesabu yao, pamoja na makosa ambayo wengine waliyarekebisha baadaye, ikawa mahali pa kuanzia. Waliofuata waliongeza mwaka baada ya mwaka. Kijana anapoingia katika utafiti wa muda mrefu hurithi madaftari ya watu ambao wengine hatawaona kamwe, na anawajibika kuyaacha yake yakisomeka. Kwa maoni ya mwandishi, hili ndilo jambo linalofundishwa kwa uchache kuliko yote vyuoni: mwandiko, tarehe, jina la mahali, na nakala ya pili iliyohifadhiwa kwingine.

Ngazi za masomo

Kijana wa Bariadi au Itilima anayetamani kazi hii huanza kuijenga anapochagua masomo ya kidato cha tano. Tahasusi zinazofungua mlango ni zile zenye Biolojia, hasa Kemia, Biolojia na Jiografia (CBG), au Fizikia, Kemia na Biolojia (PCB). Wanaosoma CBG hufundishwa pia hisabati ya msingi inayojulikana kama BAM, somo ambalo wengi hulibeba kama gunia la mwenzake. Wangelipenda zaidi kama wangejua kwamba mbung'o wa Jackson na nyumbu wa Mduma vyote ni hesabu. Wanafunzi wengi wa ikolojia wanaokwama hawakwamishwi na jua wala nyoka, hukwamishwa na takwimu.

Asiyepata nafasi ya kidato cha tano hajafungiwa nje. Chuo cha Taasisi ya Taaluma za Wanyamapori Pasiansi kipo jijini Mwanza, na Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 mkoani Kilimanjaro, kimefundisha wahifadhi kutoka nchi nyingi za bara hili. Wapo walioanza na cheti, wakafanya kazi porini, kisha wakarudi darasani wakiwa na jambo ambalo wenzao wa moja kwa moja hawanalo, yaani kumjua mnyama kwa nyayo na kinyesi.

Kwa shahada ya kwanza, vijana wengi huelekea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye idara ya zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori. Miaka mitatu ya shahada hiyo humpa mwanafunzi msingi wa biolojia ya viumbe, udongo, hali ya hewa, sheria za uhifadhi na takwimu, pamoja na mafunzo kwa vitendo na utafiti mdogo wa mwaka wa mwisho. Utafiti huo mdogo usidharauliwe. Ndipo mwanafunzi hugundua kwa mara ya kwanza kwamba swali lake ni kubwa kuliko muda wake, na hujifunza kulipunguza mpaka liweze kujibika. "Athari za binadamu kwa wanyamapori" si swali. "Je, kinyesi cha tembo huonekana zaidi karibu na mabwawa kuliko mbali nayo katika mwezi wa Agosti?" ni swali.

Uzamili na uzamivu hupatikana katika vyuo hivyo na katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, ambayo hufundisha ngazi hizo. Hapo mwanafunzi hupewa msimamizi, na uchaguzi wa msimamizi una uzito kuliko jina la chuo. Msimamizi mwema huuliza maswali magumu kabla gari halijaondoka Morogoro, si baada ya takwimu kukusanywa vibaya.

Kuna ujuzi mwingine usioandikwa kwenye cheti. Kusoma ramani na kutumia kifaa cha GPS. Kutambua nyasi kavu kwa mashina yake, kwani maua huwa yameshapukutika. Kuandika amri katika programu huria ya R inayotumiwa kuchambua takwimu. Na kuendesha gari: anayefanya kazi Simiyu lazima aijue mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hugeuka gundi. Wasukuma wana majina ya udongo kwa mpangilio wa mteremko, kuanzia luseni, mchanga wa juu, kushuka hadi mbuga, na kila jina hubeba habari ya kinachoota na kisichoota hapo. Mwanafunzi anayeyaandika majina hayo pembeni ya yale ya kitaalamu amejiongezea ramani nzima bila kuchimba shimo hata moja.

Kibali kwanza, kisha daftari

Utafiti wa wanyamapori nchini haufanywi kwa kupanda gari na kwenda. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, husimamia vibali vya utafiti, na TAWIRI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, huratibu utafiti wote unaohusu wanyamapori na hupitia mapendekezo ya watafiti. Ndani ya hifadhi za taifa ruhusa ya kuingia hutolewa na TANAPA; katika mapori ya akiba, likiwemo Maswa, msimamizi ni TAWA. Ikiwa kazi inagusa vijiji, mtafiti hujitambulisha kwa uongozi wa mkoa, wilaya, kata na hatimaye kwa mtendaji wa kijiji.

Vijana wengine huulalamikia mlolongo huo, na ni kweli unahitaji subira na mipango ya mapema. Una faida zake, hata hivyo. Pendekezo linapopitiwa na watafiti wazoefu, udhaifu wake huonekana likiwa bado karatasi. Nchi nayo hupata kujua nani anafanya nini wapi, na matokeo hurudi kwenye hazina yake ya maarifa. TAWIRI ina kituo cha utafiti ndani ya Serengeti, na kila baada ya miaka miwili huitisha kongamano la kisayansi ambapo mwanafunzi wa Tanzania aweza kuwasilisha kazi yake mbele ya watu waliofanya utafiti kabla yeye hajazaliwa.

Maswali yanayosubiri Simiyu

Turudi kwa tembo. Hesabu za kitaifa zilionesha kuwa Tanzania ilikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakabaki 43,330, kutokana hasa na ujangili wa kusini mwa nchi. Wakati huo huo, tembo wa Serengeti walikuwa wakiongezeka. Mtu aliyesoma tarakimu ya taifa pekee angemwambia mkulima wa Itilima kwamba tembo wanakwisha, na mkulima, aliyeyaona mahindi yake yamelala chini, angemwona mtaalamu huyo kuwa ama mwongo ama mgeni. Wote wawili wangekuwa wanasema kweli, kila mmoja kuhusu mahali pake. Kwa sababu hiyo mkoa unahitaji takwimu zake wenyewe.

Mwanafunzi angeanzaje? Angeandika kila tukio la uvamizi wa shamba: tarehe, saa, zao, ukubwa wa eneo lililoharibiwa, umbali kutoka mpaka wa hifadhi na kutoka kwenye maji. Angeandika pia mashamba ambayo tembo waliyapita bila kuyagusa, jambo linalosahaulika kila mara ingawa bila hilo hakuna cha kulinganisha. Angelinganisha matukio na mvua ya mwezi huo na, pale ambapo tembo wamefungwa visukuma mawimbi shingoni, na nyendo zao. Angejihadhari na mtego mmoja: kijiji kilicho karibu na ofisi hutoa taarifa nyingi kuliko kilicho mbali, hivyo ramani ya taarifa yaweza kuwa ramani ya barabara badala ya ramani ya tembo.

Kipimo cha umbali kina uzito wa kisheria pia. Kanuni za mwaka 2011 kuhusu kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, zilizingatia umbali wa shamba kutoka mpaka wa eneo lililohifadhiwa. Mita zilizopimwa ovyo ni haki ya mtu iliyopimwa ovyo.

Zipo pia mbinu za kuwazuia tembo zinazohitaji kujaribiwa hapa hapa. Utafiti wa Lucy King nchini Kenya ulionesha kuwa tembo huogopa nyuki, na uzio wa mizinga ukaenea katika nchi nyingi. Lakini nyuki huhama mzinga pale maji na maua yanapokosekana, na kiangazi cha Meatu si cha mzaha. Je, mizinga hubaki na nyuki katika mwezi ambao tembo hushambulia zaidi? Swali hilo hujibiwa kwa kuhesabu mizinga yenye nyuki kila wiki mbili kwa misimu kadhaa. Ni kazi inayowezekana kwa mwanafunzi mwenye baiskeli.

Kisha kuna ngitili, na hapa tunarudi kwenye miti iliyofyekwa zama za mbung'o. Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho wakati wa masika ili majani yahifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mradi huo uliijenga kazi yake juu ya desturi hiyo badala ya kuleta miche ya kigeni na amri. Uoto ulirudi katika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833, na mwaka 2002 HASHI ikapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela wa SUA, uliochapishwa mwaka 2005, ulirekodi aina 152 za mimea na aina 145 za ndege katika maeneo yaliyorejeshwa.

Tangu wakati huo idadi ya watu imeongezeka kwa kasi iliyotajwa hapo juu, na bei ya pamba nayo hupanda na kushuka, ikimshawishi mwenye ngitili kulima au kuacha. Kurudi katika ngitili zile zile, kuzihesabu mimea na ndege upya kwa njia ile ile, na kuwauliza wazee kwa nini hii imebaki na ile imelimwa, ni mada iliyokamilika ya shahada ya uzamili. Haihitaji ndege wala visukuma mawimbi. Inahitaji fremu ya mraba ya mita moja, darubini ya kutazamia ndege, na mtu anayejua kuomba ruhusa ya mwenye eneo kwa Kisukuma. Kijana aliyechunga ng'ombe katika ngitili ya babu yake anaanza kazi hiyo akiwa na miaka 10 ya mafunzo ambayo hakuna chuo kilichomtoza ada.

Tasnifu zetu nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kuishia rafu za vyuo. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Mtafiti aliyemaliza kazi yake Meatu au Itilima humwomba mtendaji wa kijiji nafasi katika ajenda, huenda na ramani moja kubwa inayosomeka kutoka mstari wa nyuma, hueleza kwa Kiswahili alichohesabu na alichokuta, kisha hukaa chini kusikiliza wakulima wakimwambia ni shamba gani amelisahau.